Kutoka Kifungu cha Sheria hadi Dawati la Mtoto

Mhadhara wa hadhara kuhusu utekelezaji wa haki ya elimu kwa wanafunzi wenye mahitaji maalumu

Namshukuru mkalimani wa lugha ya alama aliyesimama hapa kulia kwangu. Nikienda mbio, naomba aninyooshee mkono nipunguze mwendo, maana nisingependa hata mmoja wetu atoke humu akiwa amepata nusu ya maneno.

Nimeombwa nizungumzie utekelezaji wa sheria zinazomhusu mwanafunzi mwenye mahitaji maalumu. Nitabaki Tanzania Bara, kwa sababu Zanzibar ina sheria yake na ina wataalamu wake wa kuieleza. Kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba sheria yetu imeeleza vizuri mtoto anastahili nini, lakini haijamwambia kila mhusika wa ngazi ya halmashauri na shule kwamba jambo hili ni lake yeye, alitimize ifikapo tarehe fulani, kwa fedha za fungu fulani. Kazi hiyo iko mikononi mwa watu waliokaa ndani ya ukumbi huu.

Tujikumbushe sheria yenyewe kwa ufupi. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka huohuo ikatungwa Sheria ya Mtoto. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Sheria hiyo inampa mtoto mwenye ulemavu haki sawa ya kuandikishwa katika shule ya umma au ya binafsi. Inasema asome katika shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano ya namna ya pekee. Inasema apewe huduma za kumsaidia kujifunza kutoka kwa mwalimu mwenye sifa au aliyepangiwa kazi hiyo. Mama wa mtoto asiyesikia hawezi kuomba zaidi ya hapo. Sheria, basi, tunayo.

Hoja yangu ya kwanza inahusu tulikotoka, kwa sababu mazoea ya zamani ndiyo yanayotushika miguu. Elimu ya watoto wenye ulemavu katika nchi hii ilianzishwa na makanisa. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1950 na Waanglikana. Shule ya viziwi ya Tabora ilifunguliwa na Wakatoliki mwaka 1963. Watu wale walifanya kazi ya heshima wakati ambapo serikali haikuwa na chochote cha kuwapa watoto hao, na wapo wanasheria, walimu na viongozi wa leo waliopita mikononi mwao. Lakini tulibaki na fikra kwamba mtoto mwenye ulemavu ana shule yake mahali pengine, kule mbali, na kwamba shule ya kijijini kwake haidaiwi kitu.

Fikra hiyo bado iko hai kwenye meza ya uandikishaji. Mzazi anafika na mtoto wake. Mwalimu mkuu anampokea vizuri, anamsikiliza, kisha anasema, "Mama, hapa hatuna kitengo. Jaribu ile shule ya mjini." Mwalimu mkuu huyo hana roho mbaya. Anaamini kabisa kwamba anamsaidia. Mama anarudi nyumbani, nauli ya mjini hana, na mtoto anabaki uani mwaka mzima. Kwa mujibu wa sheria, hapo mtoto amekataliwa shule. Kwa macho ya waliokuwepo, mama amepewa ushauri. Hakuna daftari lolote lililoandika kwamba alifika. Naona walimu wakuu wa safu ya mbele wanatazamana. Nawaomba wasinichukie, kwa sababu kila mmoja wetu aliyewahi kushika kalamu ya uandikishaji anaijua sentensi hiyo.

Hoja ya pili ndiyo nitakayokaa nayo kwa muda mrefu zaidi. Husemwa kwamba nchi yetu ni hodari wa kutunga na dhaifu wa kutekeleza. Sikubaliani na kauli hiyo. Sisi hutekeleza vizuri sana pale agizo linapokuwa na kipimo na mtu wa kuulizwa. Nitatoa mifano mitatu.

Wa kwanza ni Baraza la Mitihani. Mtahiniwa asiyeona huletewa mtihani wake kwa maandishi ya nukta nundu. Mwenye uoni hafifu huletewa karatasi yenye maandishi makubwa. Na watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa muda: dakika 20 kwa kila saa katika somo la Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Msimamizi wa chumba cha mtihani hajadiliani na mtu. Anatazama saa, anaongeza dakika, kwa sababu mwongozo umetaja dakika na kosa likitokea anajulikana atakayejibu.

Sasa hebu tufikirie mtoto huyohuyo mwenye uoni hafifu. Siku za mtihani wa darasa la saba anapata karatasi ya maandishi makubwa, sawasawa na inavyotakiwa. Lakini tangu darasa la kwanza amekuwa akisoma kitabu cha maandishi ya kawaida, akiwa amekisogeza hadi kinagusa pua. Tumemtimizia haki yake kwenye kupimwa kabla hatujaitimiza kwenye kufundishwa. Ofisi iliyoandaa mtihani ilikuwa na dakika za kuhesabu. Darasa halikupewa kipimo chochote.

Mfano wa pili ni ule mkopo wa asilimia 10. Tangu Bunge liliporekebisha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa mwaka 2018, kila halmashauri inatakiwa kutenga sehemu ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mpango huo umekuwa na matatizo mengi, na madiwani waliomo humu wanayajua kuliko mimi. Hata hivyo, hakuna mkurugenzi wa halmashauri asiyejua ile asilimia 2 ni shilingi ngapi kwake. Kwa nini? Kwa sababu Mkaguzi Mkuu huiuliza, kamati za Bunge huiuliza, na diwani huiuliza barazani. Ni nani kati yetu aliyewahi kusikia diwani akisimama kuuliza ni watoto wangapi wenye ulemavu walioandikishwa katika kata yake, na wangapi walirudishwa nyumbani?

Wa tatu ni ujenzi. Mwaka 2021, kupitia mpango wa fedha za UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000 nchi nzima kwa muda wa miezi michache tu. Wakuu wa wilaya walilala kwenye maeneo ya ujenzi. Tarehe ilikuwa imetajwa, idadi ilikuwa imetajwa, na kila wilaya ilijua fungu lake. Nchi inayoweza kufanya hivyo haiwezi kusema imeshindwa kuweka njia ya mteremko ya saruji kwenye mlango wa darasa.

Kwa hiyo kila mara tunaposoma kifungu cha sheria kinachosema mtoto "atapatiwa", tujiulize atapatiwa na nani, ifikapo lini, na kwa fedha za fungu gani. Wizara ya Elimu inashika sera na mitaala. TAMISEMI inashika shule na walimu. Afya inashika upimaji. Ofisi ya Waziri Mkuu inaratibu masuala ya watu wenye ulemavu. Ustawi wa jamii uko palepale halmashauri. Mtoto mmoja ana ofisi tano, na asipopata huduma kila moja kati ya hizo inaweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba yenyewe imetimiza sehemu yake. Ndiyo maana nasema kwamba jina la mwenye dhamana liandikwe kwenye mwongozo wa halmashauri, na liwe jina la cheo kimoja tu.

Hoja ya tatu ni kumtambua mtoto. Sensa ya 2022 ilitupa kiwango cha asilimia 11.2 ya watu wenye ulemavu miongoni mwa wenye umri wa miaka 7 na zaidi. Kiwango hicho kinahusisha wazee ambao macho na magoti yamechoka, kwa hiyo hatuwezi kukihamishia shuleni kama kilivyo. Lakini kinatosha kutuonya. Shule yenye wanafunzi mia nane inayoripoti kwamba haina hata mmoja mwenye mahitaji maalumu haijawatazama wanafunzi wake.

Tunawatambua kirahisi watoto ambao ulemavu wao unaonekana. Wanaotuponyoka ni mwenye usikivu hafifu anayeitwa mkaidi, mwenye matatizo ya kusoma anayeitwa mzito, mwenye usonji anayeitwa mtundu na kuchapwa. Nchi jirani ya Kenya ilianza mwaka 1984 kufungua vituo vya kupima mahitaji ya kielimu ya watoto, na faida yake kubwa ni kwamba mzazi ana mlango unaojulikana wa kubisha. Sisi tumeanza kujenga vituo vya upimaji na utambuzi, na mikakati ya kitaifa ya elimu jumuishi imevitaja. Havijatosha. Wakati tukivisubiri, upo upimaji wa awali ambao mwalimu wa darasa anaweza kuufanya kwa saa moja wiki ya kwanza ya Januari: simama nyuma ya mtoto umwite jina kwa sauti ya kawaida, muulize anaona nini ubaoni akiwa amekaa mahali pake, msikilize akisoma aya moja. Anayetiliwa shaka apelekwe kituo cha afya akiwa na barua ya shule, na nakala ya barua ibaki kwenye jalada lake.

Niliwahi kukaa nyuma ya darasa la nne katika shule moja ya kawaida. Mbele yangu alikaa binti mwenye ualbino. Dirisha lilikuwa kushoto kwake na jua la saa nne lilikuwa likimpiga usoni. Mwalimu aliandika ubaoni hesabu za kugawanya. Binti hakutazama ubao kabisa, alitazama daftari la jirani yake na kunakili kutoka huko. Katika hesabu ya tatu jirani aliandika 6 mahali palipokuwa na 8, na binti naye akaandika 6. Madaftari yaliposahihishwa wote wawili walikuwa na mkasi mwekundu kwenye hesabu hiyo. Binti alikuwa amegawanya sawasawa kabisa hesabu ambayo haikuwa ubaoni.

Baada ya kipindi nilizungumza na mwalimu. Alishtuka kwa dhati, kwa sababu alidhani binti anaibia tu. Palepale akamhamishia safu ya mbele, upande usio na dirisha, akaahidi kuandika kwa herufi kubwa na kusoma kwa sauti kila anachoandika. Tukagundua pia kwamba binti alikuwa akiacha kofia yake nyumbani, maana kofia haimo kwenye orodha ya sare ya shule. Mwalimu mkuu akairuhusu siku hiyohiyo. Mabadiliko yote hayo hayakugharimu hata shilingi moja, na yote yalikuwa ni utekelezaji wa sheria ya 2010. Nawasimulia kisa hiki ili mtu asije akaniambia kwamba lazima tusubiri bajeti ndipo tuanze.

Hoja ya nne ni mwalimu, na nitaipita haraka kwa kuwa inajulikana. Chuo cha Ualimu Patandi, kule Meru mkoani Arusha, kimekuwa kikiandaa walimu wa elimu maalumu kwa miaka mingi. Mwalimu anahitimu lugha ya alama au nukta nundu, kisha anapangiwa shule isiyo na mwanafunzi hata mmoja wa fani yake, anapewa Maarifa ya Jamii na darasa la watoto tisini. Au anapangiwa vizuri, halafu anahama kumfuata mwenzi wake, na kitengo cha viziwi kinabaki na mwalimu asiyejua kuwasalimia watoto wake. Simlaumu anayehama, ana familia. Ninachosema ni kwamba uhamisho wa mwalimu wa namna hii usiidhinishwe mpaka wa kuziba nafasi yake awe amepatikana. Hilo ni jambo la waraka mmoja. Na walimu wengine wote wapewe mafunzo kazini, kwa sababu mwanafunzi mwenye ulemavu hasomi na mwalimu wa kitengo peke yake.

Hoja ya tano ni fedha. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na kati ya hizo shilingi 4,000 huelekezwa kwenye vitabu. Sasa mashine moja ya kuandikia nukta nundu inagharimu zaidi ya shilingi milioni moja. Maana yake ni kwamba mwalimu mkuu akitaka kumnunulia mtoto mmoja asiyeona kalamu yake, kwa kuwa hiyo ndiyo kalamu yake, lazima atumie zaidi ya ruzuku ya mwaka ya wanafunzi mia moja. Hakuna mwalimu mkuu atakayefanya hivyo, na kamati ya shule isingemruhusu. Ruzuku iliyo sawa kwa kila kichwa inamfanya mtoto mwenye ulemavu aonekane mzigo kwa wenzake, na hapo ndipo ile sentensi ya "jaribu shule ya mjini" inapozaliwa. Kenya huongeza ruzuku ya mwanafunzi mwenye ulemavu juu ya ile ya kawaida. Nasi tufanye hivyo, na nyongeza hiyo imfuate mtoto popote anapoandikishwa, iwe kwenye kitengo au kwenye shule ya kawaida ya kijijini.

Wapo watakaoniambia kwamba hata nchi tajiri zimeshindwa. Ni kweli, na tujifunze kutoka kwao. Ireland ilitunga mwaka 2004 sheria ya elimu kwa watu wenye mahitaji maalumu, nzuri sana kwenye karatasi. Vifungu vilivyompa kila mtoto haki ya kupimwa na kuandaliwa mpango wake wa kujifunza vilisubiri kutangazwa kuanza kutumika. Mdororo wa uchumi wa 2008 ulipoingia, serikali iliviahirisha, na watoto waliokuwa darasa la kwanza wakati ule wamekua watu wazima bila kuvifaidi. Marekani nayo ilipitisha sheria yake mwaka 1975, na bunge lao likaahidi kwamba serikali kuu itabeba hadi asilimia 40 ya gharama ya ziada. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa mpaka leo. Lakini tazameni tofauti iliyopo. Sheria ya Marekani inamlazimu mwalimu na mzazi kukaa meza moja, kuandika mpango wa mtoto huyo kwa jina lake, na mzazi asiporidhika anapata pa kusikilizwa. Fedha zilipopungua, shule hazikuwa na ruhusa ya kumwambia mtoto aondoke. Zilidaiwa, na ahadi ni deni.

Hapo naingia hoja ya sita na ya mwisho, ambayo ni mlango wa malalamiko. Sheria yetu ya 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Ni mpango wa busara, kwa sababu mwenyekiti wa kitongoji anajua kila nyumba yenye mtoto. Katika maeneo mengi kamati hizo ziliundwa, zikapigwa picha, na hazikukutana tena. Zifufuliwe, na zipewe kazi moja ya kuanzia: kuandika majina ya watoto wote wenye ulemavu waliofikia umri wa shule na kuyalinganisha na daftari la uandikishaji. Na wazazi waisome sheria. Ilitungwa kwa Kiingereza, na ingawa mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, mzazi wa kijijini bado hajapata mkononi karatasi moja inayomwambia haki za mwanawe. Karatasi hiyo inaweza kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kila shule na kila zahanati, na kusomwa kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji kwa wasiosoma.

Mheshimiwa Mwenyekiti, muda wangu unakaribia kwisha, nami nitazame mbele. Mzunguko wa bajeti unaanza miezi michache ijayo, na mwaka wa fedha utaanza Julai 1. Uandikishaji wa darasa la awali na la kwanza utafanyika kabla ya shule kufunguliwa Januari. Nyakati hizo mbili ndizo zitakazoamua kama tulichozungumza leo kimefika popote.

Waheshimiwa madiwani, kwenye baraza lijalo naomba mmoja wenu asimame amuulize mkurugenzi mambo matatu: watoto wangapi wenye ulemavu wameandikishwa katika halmashauri hii, wangapi waliofika hawakuandikishwa na kwa sababu gani, na ni cheo gani kinachojibu kwa niaba yao. Yakikosekana majibu, naomba mrudie swali hilo robo ya mwaka inayofuata, na inayofuata tena. Walimu wakuu, naomba daftari la uandikishaji liwe na safu moja ya ziada, ya watoto waliofika na hawakupokelewa, na kila jina liwekwe sababu na saini ya aliyekataa. Wazazi, msipeleke watoto wenu kwa kunong'ona. Nendeni mchana, nendeni na jirani awe shahidi, na mkikataliwa ombeni mwandikiwe.

Niko tayari kwa maswali, na ningeomba wazazi wapewe nafasi ya kwanza.